Asiyeweza Kusimulia Naye Huumia

"Hajui kitu huyu." Neno hili husemwa kwa wepesi sana katika nyumba zetu, na mara nyingi husemwa mbele ya yule yule anayesemwa. Husemwa na jirani, husemwa na ndugu, na wakati mwingine husemwa na sisi watu wa kanisa tunapomsogeza kijana mwenye ulemavu wa akili ili wengine wapate mahali pa kukaa. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao humlisha, humvika na kumwogesha kila siku bila kunung'unika. Lakini ndani ya neno hilo limo wazo ambalo yafaa tulichungue: kwamba asiyefahamu mambo kama sisi, hawezi pia kuumizwa na mambo kama sisi.

Ndugu wasomaji, swali tunalotaka kulitafakari ni hili. Je, maumivu ya moyo ni ya mtu awezaye kuyasimulia tu? Na kama mtu hana maneno ya kueleza yaliyompata, sisi tulio na maneno tunawiwa nini naye?

Kwanza tuelewane juu ya watu tunaowasema. Mtu mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye tangu kuzaliwa, au tangu utoto wake, hujifunza polepole kuliko wenzake, akahitaji msaada zaidi katika kusema, kuhesabu, kutumia fedha au kujitunza mwenyewe. Si sawa na mgonjwa wa akili, maana ugonjwa wa akili huweza kumpata mtu yeyote, hata mwalimu wa chuo kikuu, na mara nyingi hutibika. Wala si laana, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Walakini wengi husahau jambo moja, nalo ni kwamba mwenye ulemavu wa akili naye aweza kupatwa na huzuni kuu, na hofu, na kiwewe, juu ya ulemavu alio nao. Hiyo ni mizigo miwili, na mmoja hauondoi uzito wa mwingine.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunasoma habari za Hana, aliyekwenda nyumba ya Mungu huko Shilo akiwa na uchungu wa miaka mingi. Aliomba moyoni, midomo yake ilicheza lakini sauti haikusikika. Kuhani Eli alikuwa ameketi akimtazama, akadhani kwamba mama huyu amelewa, akamkemea. Tuliangalie vizuri kosa la Eli. Hakuwa mbali, wala hakuwa amelala. Aliona kila kitu. Alichokosa ni kuuliza. Alikuwa na maelezo yake tayari kabla hajasikia lolote. Hana alikuwa na bahati moja, kwamba aliweza kujitetea kwa maneno, naye Eli akamsikia na kubadili shauri. Je, kama Hana asingeweza kujieleza? Angetoka hekaluni akiwa mlevi machoni pa kuhani, na uchungu wake usingejulikana kamwe.

Kosa la namna hiyo limechunguzwa na wataalamu pia. Mwaka 1982 huko Marekani, Steven Reiss na wenzake waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu aliyekuwa na hofu kubwa iliyomsumbua katika maisha yake. Baadhi ya wanasaikolojia waliambiwa kwamba mtu huyo ana ulemavu wa akili, na wengine hawakuambiwa hivyo. Hofu ilikuwa ile ile, lakini walioambiwa habari za ulemavu hawakuiona hofu hiyo kuwa ni tatizo kubwa kama wenzao walivyoiona. Watafiti wakasema kwamba ulemavu huweka kivuli juu ya mambo mengine yote, hata mtaalamu aliyesoma asiyaone. Basi kama waliosomea kazi hiyo wanaweza kufunikwa na kivuli, sisi tusijidhani tuko salama.

Tuangalie mfano ulio karibu nasi sote, yaani msiba. Tuseme mama mmoja amefariki, akaacha binti wa miaka thelathini mwenye ulemavu wa akili, ambaye siku zote alilala chumba kimoja na mama yake. Ndugu wanakusanyika. Mara nyingi shauri la kwanza ni kumwondoa binti huyo na kumpeleka kwa jirani mpaka mazishi yaishe, "asije akasumbua." Akiuliza, huambiwa kwamba mama amesafiri. Baada ya juma moja anahamishwa kwenda kwa shangazi katika mji mwingine. Kwa muda wa siku kumi amepoteza mama, kitanda, nyumba, majirani na njia yake ya kwenda kisimani, wala hakuna aliyemwambia sababu. Miezi miwili baadaye anaanza kukojoa kitandani, anakataa chakula, anampiga shangazi, anakaa mlangoni tangu asubuhi mpaka jioni. Na watu wa nyumba wanasema, "Ulemavu wake umezidi." Hakuna asemaye, "Anamngoja mama yake."

Mfano huu tumeuunda sisi, lakini mambo yaliyomo yamejulikana siku nyingi. Mwaka 1991 Maureen Oswin, mwandishi wa Uingereza, alitoa kitabu juu ya kufiwa kwa watu wenye ulemavu wa akili. Jina la kitabu hicho kwa Kiswahili lingekuwa swali: "Je, Naruhusiwa Kulia?" Swali hilo linatosha kuonyesha hali ilivyokuwa. Watu wazima walifiwa na wazazi wao, na huzuni yao haikutambuliwa kuwa ni huzuni. Ilihesabiwa kuwa ni tabia mbaya.

Hapa mtu mwema anaweza kutupinga. Atasema, "Kumwambia kwamba mama yake amekufa ni kumwumiza bure. Hataelewa kifo ni nini. Heri asijue." Hoja hii haitoki katika moyo mgumu, kwa hiyo haifai kuipuuza. Lakini tuipime. Anayesema hivyo anadhani kwamba kuna njia mbili, njia ya maumivu na njia ya amani, na kwamba ukimya ndio njia ya amani. Sivyo. Binti yule anaumia tayari, maana mama hayupo. Kumwambia hakuongezi msiba. Kunampa jina la msiba alio nao. Asipoambiwa, huenda akadhani kwamba mama amemkasirikia, au kwamba yeye mwenyewe amekosa. Na zaidi ya hayo, ni nani kati yetu aelewaye kifo kabisa? Hatuwaondoi wajane msibani kwa sababu hawajaelewa siri ya mauti. Twawaacha wakae, wauone mwili, walie, washikwe mkono. Mwenye ulemavu wa akili naye aweza kuliona kaburi, aweza kutupa udongo, aweza kushika kitenge cha mama yake. Kushiriki huko hakuhitaji akili nyepesi.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Nasi twaweza kuongeza kwamba asiye na maneno usidhani hana kovu.

Lakini msiba ni jeraha lisilo na mkosaji. Yako majeraha mengine ambayo watu huyatia kwa mikono yao, na juu ya hayo hatuna budi kusema wazi, ingawa ni aibu kuyataja. Mwaka 2012 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilichapisha muhtasari wa tafiti 17 zilizofanywa katika nchi tajiri, zenye habari za watoto zaidi ya 18,000. Muhtasari huo ulionyesha kwamba watoto wenye ulemavu walikuwa katika hatari ya kutendewa ukatili karibu mara nne kuliko watoto wasio na ulemavu. Kwa watoto wenye ulemavu wa akili au matatizo ya akili, hatari ya kudhulumiwa kimwili kwa njia ya zinaa ilikuwa mara 4.6. Tusijifariji kwamba hayo ni ya ng'ambo. Mahali ambapo mtoto hutegemea watu wengi kwa kuogeshwa, kuvikwa na kusindikizwa, na ambapo neno lake halihesabiwi, mwovu hupata nafasi, iwe ni mji mkubwa au kijiji chetu.

Wengine watasema kwamba wataalamu wakiwepo mambo hayo hayatokei. Tukumbuke hospitali ya Winterbourne View, karibu na Bristol nchini Uingereza. Ilikuwa hospitali ya kulipia, iliyojengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Muuguzi mmoja aliyefanya kazi humo alitoa taarifa kwamba wagonjwa wanateswa, lakini taarifa zake hazikushughulikiwa. Mwezi Mei mwaka 2011 shirika la utangazaji la BBC likaonyesha picha zilizochukuliwa kwa siri: wagonjwa wakipigwa, wakikandamizwa sakafuni, wakidhihakiwa. Hospitali ilifungwa mwaka huo huo. Wafanyakazi 11 walikiri makosa, na mwaka 2012 sita kati yao walifungwa gerezani. Ilihitajika kamera kusema yale ambayo wagonjwa walikuwa wakiyaonyesha kwa vilio vyao kila siku. Vilio havikutosha, maana watu walikuwa wamezoea kudhani kwamba watu wa namna ile hulia tu.

Sasa tuulize, kwa nini mtu mwenye ulemavu wa akili ni rahisi kuonewa? Sehemu moja ya jibu inatuhusu sisi tulio wapole kwake. Tangu utoto tunamfundisha utii kuliko tunavyomfundisha mtoto mwingine yeyote. Kaa, anakaa. Njoo, anakuja. Fungua mdomo, anafungua. Akitii tunamsifu kwamba ni mwema. Akikataa tunasema ana kichwa kigumu. Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu wengi wenye ulemavu wa akili wakiulizwa maswali ya ndiyo au siyo huelekea kujibu "ndiyo," hata pale "ndiyo" moja inapopingana na nyingine. Hawajibu hivyo kwa uongo. Hujibu kwa kutaka kumpendeza aulizaye, na kwa kuficha kwamba hawakuelewa swali. "Ndiyo" hiyo wameifunzwa nasi. Mtu aliyefundishwa miaka ishirini kwamba wema ni kutokataa kamwe, tutamlaumuje siku aliposhindwa kukataa? Utii ni tunda jema pale tu mtu anapoweza pia kusema hapana. Asiyeweza kusema hapana hatii; anaburutwa.

Jambo hili linaleta ugumu mwingine, nao ni wa haki kabisa. Mtu atauliza, "Kama hujibu 'ndiyo' kwa kila swali, tutamwaminije akimtaja fulani kwamba amemtenda vibaya? Je, hatutaharibu jina la mtu asiye na hatia?" Swali hili lastahili jibu la makini. Kumwamini mtu si sawa na kumhukumu mwingine. Kumwamini ni kuchukua neno lake kwa uzito unaotosha kulichunguza. Tena hatari ya "ndiyo" hutoka zaidi katika maswali yetu mabaya kuliko katika moyo wake. Ukimwuliza, "Ni fulani aliyekupiga, siyo?" umemwekea jibu mdomoni. Ukimwambia, "Niambie iliyokuwa," kisha ukanyamaza, umempa nafasi ya kusema lake. Kwa hiyo mzee wa kanisa au mama wa Umoja wa Mama akiambiwa jambo la namna hiyo, asimhoji mara kumi, wala asimwite mshtakiwa waonane uso kwa uso. Asikilize, aandike maneno yale yale yaliyosemwa, amhakikishie kwamba hakukosa, kisha apeleke habari panapohusika: kwa ofisa ustawi wa jamii, hospitali, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Jambo la jinai halimalizwi katika ofisi ya kasisi, wala kwa mbuzi na kreti ya soda.

Mataifa yamekwisha kukubaliana juu ya haki hii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi ziwalinde watu hawa na ukatili, na kuwapa njia ya kuzifikia mahakama. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 iliweka nafasi ya shahidi mwenye ulemavu wa akili kusaidiwa na mtu wa kati anapotoa ushahidi. Maana yake ni kwamba kusema kwa shida hakumfanyi mtu asiwe shahidi. Kama mahakama, ambayo kazi yake ni kutilia shaka, yaweza kumpa nafasi hiyo, je, sisi kanisani tumpe nafasi ndogo zaidi?

Basi msaada wa ushauri nasaha kwa watu hawa ukoje? Zamani wengi walidhani kwamba ushauri ni kazi ya maneno tu, kwa hiyo asiye na maneno hawezi kushauriwa. Sheila Hollins, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza ambaye mwanawe mwenyewe ana ulemavu wa akili, alitafuta njia nyingine. Tangu mwaka 1989 yeye na wenzake wametoa mfululizo wa vitabu viitwavyo Books Beyond Words, ambavyo husimulia kwa picha peke yake. Viko juu ya kufiwa na mama, kufiwa na baba, kutendewa vibaya, kwenda mahakamani. Mtu hufungua ukurasa, huangalia uso uliochorwa, na yeye mwenyewe huonyesha kwa kidole au kwa neno moja anachokiona. Msaidizi hasimulii, hungoja. Wengi waliodhaniwa hawana la kusema walionekana kuwa walikuwa hawajaulizwa kwa lugha wanayoijua.

Mwaka 2014 idara moja ya serikali ya Marekani ya mambo ya afya ya akili ilitoa mwongozo wa kuwahudumia watu walioumizwa. Kiini chake ni mambo yaliyo rahisi kutaja na magumu kutenda: mtu awe salama, aambiwe kweli, asifanyiwe mambo bali afanye pamoja nasi, apewe nafasi ya kuchagua. Kwa mwenye ulemavu wa akili hayo hutafsiriwa hivi. Mshauri akutane naye mahali pale pale na saa ile ile, na mazungumzo yawe mafupi. Aulize swali moja kwa wakati mmoja. Amwonyeshe mlango na kumwambia kwamba aweza kutoka. Atumie picha, udongo wa kufinyanga, ngoma, au kutembea pamoja. Na pale tabia inapobadilika ghafla, swali la kwanza lisiwe "Ana kasoro gani?" bali "Amepatwa na nini?"

Si kila mkristo ni mshauri, wala tusijifanye. Jeraha kubwa linahitaji mtu aliyefundishwa. Lakini ziko kazi ambazo mtaa wowote waweza kuzifanya bila fedha. Katika ibada tunapopeana amani, tusimkumbatie kwa nguvu mtu kwa sababu tu hawezi kukataa. Tumnyoshee mkono, na asipoushika tuupokee mkono wake usiokuja. Katika misiba, tumtafutie mtu mmoja anayempenda akae naye karibu na kaburi, asipelekwe mbali. Katika mafundisho ya kipaimara, tumfundishe kwamba mwili wake ni wake, na kwamba kusema hapana kwa mtu anayemwumiza si dhambi, hata akiwa mtu mzima, hata akiwa mtumishi wa kanisa. Tusimharakishe kusamehe. Msamaha ni wa aliyeumizwa kuutoa, nasi tukimwambia "Sema umesamehe," naye akasema, tumeipata tena ile "ndiyo" tuliyomfundisha, wala si msamaha.

Na tuwakumbuke wanaomtunza. Mama aliyembeba mwanawe miaka thelathini, akachoka hata akamfungia chumbani anapokwenda shamba, hahitaji kuhukumiwa na watu wasiowahi kumsaidia hata siku moja. Jumuiya ikimpa zamu za kukaa na kijana wake, ili yeye apate kwenda shamba na kanisani, itakuwa imefungua mlango wa chumba kile kuliko mahubiri mengi.

Tukirudi kwenye swali letu, jibu lake ni hili. Maumivu hayangoji maneno. Mtoto mchanga huumia kabla hajajua jina lake, na mzee aliyepooza ulimi huumia baada ya maneno kumtoka. Kama heshima ya mtu ingetokana na uwezo wake wa kujieleza, sote tungeanza maisha bila heshima na wengi wetu tungeyamaliza bila heshima. Mungu hakutuumba hivyo. Anayetuwia si yule awezaye kudai. Ni yule aliye mbele yetu, hata asipoweza kudai.

Eli aliketi karibu, akatazama, akahukumu, kisha akasikia. Sisi tunaowatazama watu hawa kila Jumapili tunaweza kuanza na kusikia. Mtu akikataa chakula, akipiga kelele tunapopita njia fulani, akijificha anapofika mgeni fulani, anasema. Tuulize, tungoje, na tusimwache peke yake mpaka tumeelewa.